Mtoto huyu si mchawi, ana akili ya namna yake



Juma hili tunagusa jambo ambalo katika avenyu zetu linasemwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Ni habari ya mtoto ambaye hafanani na wengine. Ana miaka 4 na hajatamka neno "mama". Ukimwita hageuki, lakini mashine ya kusaga mihogo ikianza kunguruma kule mbali anaziba masikio na kulia. Anapanga vifuniko vya chupa msitari mmoja kutwa nzima, na ukisogeza kimoja anajitupa chini. Hatazami watu machoni. Anakula chakula cha aina moja tu. Usiku halali, na mama yake halali.

Majirani wanampa majina. Huyu anasema ni bubu, yule anasema ni zezeta. Mwishoni anatokea mtu na kutamka lile neno baya: mchawi. Neno hilo likishatoka kinywani, mtoto hana usalama tena. Tunajua kwamba katika nchi yetu kuna watoto walionyimwa chakula siku nyingi kwa jina la maombi, waliotiwa pilipili machoni, waliofukuzwa nyumbani wakaenda kulala sokoni. Na mama yao anaulizwa swali moja kila mahali: "Ulifanya nini hata ukazaa mtoto wa namna hii?"

Jibu letu ni fupi. Hakufanya kitu. Na mtoto wake hana kosa.

Vidole vya mkono havilingani

Toka miaka ya 1990, watu wengi ulimwenguni, na kati yao wale wenyewe waliozaliwa hivyo, wameanza kusema kwamba ubongo wa binadamu haukuumbwa kwa kipimo kimoja. Kama vile kuna watu wa mkono wa kuume na wa mkono wa kushoto, kuna akili zinazopokea sauti, mwanga, maneno na hesabu kwa njia tofauti. Sisi tunaweza kuita jambo hilo utofauti wa akili.

Ndani yake kuna mambo mengi. Kuna otisimu, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji. Mtoto mwenye otisimu anapata shida ya kuongea na watu na kuelewa nia yao, anapenda mambo yarudie namna ile ile, na mara nyingi sauti, harufu au nguo fulani inamsumbua kuliko sisi. Kuna disleksia: mtoto ana akili nzuri kabisa, anajua kuuza sambaza na kurudisha chenji bila kukosea, lakini herufi zinamchanganya, "b" inakuwa "d", na kusoma sentensi moja kunamtoa jasho. Kuna mtoto asiyeweza kutulia, ambaye mawazo yake yanaruka kama panzi, anasahau ulichomtuma kabla hajafika mlangoni, anaamka kwenye kiti mara kumi.

Kila mama aliyepika maharagi ya mchanganyiko anajua kitu hiki. Ukitia ndani ya sufuria moja maharagi ya aina nyingi, mengine yanaiva upesi, mengine yanabaki magumu. Hakuna anayesema kwamba yale magumu yamelaaniwa. Mama mwenye busara anayatenga, anayaloweka, anayapa moto wake na wakati wake. Watoto nao wanataka moto wao na wakati wao.

Lakini tusidanganyane. Hatusemi kwamba hakuna shida. Wako watoto wenye otisimu ambao hawatasema hata neno moja maisha yao yote, na ambao watahitaji mtu wa kuwaogesha na kuwalisha hata wakiwa watu wazima. Wako wengine wanaosoma mpaka chuo kikuu. Wote wawili ni watu kamili.

Na si wachache. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa na otisimu. Kwa hesabu hiyo, kanisani mwenye watu 500, karibu 4 wako hivyo. Kama hatuwaoni, ni kwa sababu wengine wamefichwa chumbani, na wengine tumekwisha kuwapa jina lingine.

Si kosa la mama

Desturi ya kumlaumu mama haikuanzia kwetu, wala haitoki kwa wasiosoma peke yao. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza, na ndivyo otisimu ilivyoanza kujulikana kwa madaktari. Lakini kisha, kwa miaka mingi, wakubwa wa elimu walifundisha kwamba watoto hao waliharibika kwa sababu mama zao walikuwa na moyo baridi, hawakuwapenda vya kutosha. Hebu fikirini machozi ya wamama hao! Mwaka 1964 mtaalamu mmoja, Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye otisimu, aliandika kitabu kuonyesha kwamba jambo hili linatoka katika mwili na ubongo, si katika upendo wa mama. Leo wataalamu wanakubali hivyo. Otisimu inaanza mapema sana, mara nyingi mtoto akiwa bado tumboni, na urithi wa damu una sehemu kubwa.

Kuna pia uvumi juu ya chanjo. Ulipata nguvu mwaka 1998, wakati gazeti moja la madaktari la Uingereza lilipochapisha andiko lililotaka kuunganisha chanjo ya surua na otisimu. Uchunguzi uliofuata, kwa watoto wengi sana na katika nchi nyingi, haukuona uhusiano wowote, na mwaka 2010 gazeti lile lile likalifuta andiko hilo. Wamama, surua inaua watoto Kongo kila mwaka. Mpelekeni mtoto kwenye chanjo bila woga.

Basi si chanjo, si moyo baridi, si laana ya ukoo, si nyama uliyokula ukiwa na mimba, na si uchawi.

Sheria iko upande wa mtoto

Wengi hawajui kwamba katika nchi yetu kumwita mtoto mchawi ni kosa la kufungwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumsingizia uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inasema kwamba mtu anayemsingizia mtoto uchawi anaadhibiwa kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, na faini ya franka za Kongo 200 000 mpaka 1 000 000. Sheria hiyo haitofautishi kama msemaji ni jirani, shangazi au mtu wa Mungu. Tena, tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria nyingine, ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo, mama, mtu akianza kumsema mtoto wako hivyo, usibaki peke yako. Mwite mwenzako mmoja wa kikundi awe shahidi. Peleka neno kwa shefu wa avenyu na shefu wa kartie. Kama hawasikii, iko tribunali ya watoto. Mara nyingi hatutahitaji kufika huko, kwa sababu msemaji akiambiwa namba ya kifungu na miaka ya gereza, sauti yake inapungua.

Tunaheshimu maombi. Kumwombea mtoto ni kitu kizuri, na faraja inatoka huko. Lakini mtu akikuambia umwache mtoto wako mahali fulani afungwe, anyimwe chakula, apigwe au anyweshwe dawa ya kutapisha kusudi pepo litoke, shika mkono wa mtoto wako na urudi nyumbani.

Dalili za kuangalia

Kila mtoto ana mwendo wake, na kukawia kidogo si ugonjwa. Lakini ziko alama ambazo zinataka tumpeleke mtoto kwa mganga:

- Ana mwaka 1 na hageuki ukiita jina lake.
- Ana mwaka 1 na nusu na haonyeshi kwa kidole kitu anachokitaka au kinachomfurahisha.
- Ana miaka 2 na haunganishi hata maneno mawili, kama vile "mama maji".
- Alikuwa anasema au anacheka na watu, kisha akaacha. Hii ni alama ya kutopuuzwa, iwe kwa umri gani.

Anzeni kwenye kituo cha afya, na ombeni kitu cha kwanza: wapime masikio. Mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki ukimwita, na shida yake inaweza kusaidiwa kwa njia nyingine. Waambieni pia kama anaanguka na kutetemeka au kama anakodoa macho na kupotea kwa muda kidogo, kwa sababu kifafa kinaweza kuandamana na otisimu, na kifafa kina dawa.

Kutoka hapo mnaweza kutumwa mbele. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain. Ni mahali panapofahamu mambo ya akili na mishipa. Kwenda pale hakumaanishi kwamba mtoto wako ni mwendawazimu. Unakwenda kwa mtu mwenye ujuzi kama unavyokwenda kwa fundi wa viatu wakati kiatu kinabana.

Na jihadharini na wauzaji. Hakuna kidonge, maji, mafuta wala mzizi unaoondoa otisimu. Anayesema "nipe dola, nitamponya" anataka dola. Kinachosaidia ni kazi ya polepole: kumfundisha mtoto kuwasiliana, kucheza, kujihudumia. Kazi hiyo inafanyika zaidi nyumbani, na mama anaiweza.

Nyumbani tufanye nini

Wamama wa vikundi vyetu wenye watoto wa namna hii walituambia yaliyowasaidia. Tunayaweka hapa kwa faida ya wote.

Siku iwe na utaratibu. Kuoga, kula, kutoka, kulala, kila kitu kwa zamu yake. Kama kuna badiliko, mwambie mapema. Mama mmoja alichora kwa makaa ukutani sahani, ndoo na kitanda; kabla ya kila jambo anamwonyesha mtoto picha yake. Kilio cha asubuhi kilipungua.

Sema maneno machache. "Leta kikombe" inatosha. Usimpigie mahubiri. Kisha ngoja, hesabu moyoni mpaka kumi. Akili yake inatafuta njia.

Mfuate katika mchezo wake. Kama anapanga vifuniko, kaa chini upange naye. Kimoja chako, kimoja chake. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, hata bila maneno. Akionyesha kwa kidole, au akikuvuta mkono, hayo ni maneno tayari, yajibu.

Usimpige akipatwa na kilio kikubwa. Hajakudharau. Kichwa chake kimejaa sauti na mwanga kupita kiasi. Mpeleke mahali penye giza kidogo na utulivu, mfunike kwa kitenge, kaa karibu.

Kama anapunga mikono au kujitikisa, mwache. Hiyo ni njia yake ya kujituliza. Mzuie tu kama anajiumiza, na mpe kitu kingine cha kushika.

Angalia maji na barabara. Watoto hawa wanapenda kutoka bila kuaga, na wengi wanavutwa na maji. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua hatari yake. Waonyeshe majirani na wamotari wa kona yenu sura ya mtoto, kusudi wakimwona peke yake wamrudishe.

Tena tuseme lile ambalo linatuuma zaidi katika majimbo yetu: siku ya kukimbia. Mlio wa bunduki unamchanganya kila mtoto, lakini mtoto huyu anaweza kujificha chini ya kitanda na kukataa kutoka, au kukimbilia upande mwingine, na hawezi kusema jina la mama yake. Shona jina lako na namba ya simu ndani ya nguo yake. Weka karibu na mlango kitu anachokipenda, kitambaa au kifuniko, ambacho atashika njiani. Na chagueni mapema, kati ya wakubwa wa nyumba, nani atamshika yeye na nani atawashika wengine.

Mama aliyekataa kumtoa mtoto wake

Mwaka 1947, Boston, Marekani, alizaliwa mtoto wa kike jina lake Temple Grandin. Alikaribia miaka 4 bila kusema. Madaktari walishauri apelekwe mahali pa kufungia watoto wa namna hiyo. Mama yake, Eustacia Cutler, alikataa. Alimtafutia mwalimu wa kumfundisha kusema, na mlezi wa kucheza naye michezo ya kupokezana zamu, saa nyingi kila siku.

Temple alikua akifikiri kwa picha kuliko kwa maneno. Alipokuwa kati ya ng'ombe aliona ambayo wachungaji hawakuyaona: kivuli sakafuni, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye ua. Ng'ombe waliogopa vitu hivyo, na watu wakawapiga fimbo bure. Akachora mapito mapya ya kupitishia ng'ombe, ya kuzunguka, yasiyowatia woga, na michoro yake ikatumika katika machinjio mengi ya Amerika ya Kaskazini. Akawa profesa wa chuo kikuu. Wafugaji wetu wa Masisi na wa Minembwe wangeelewa mara moja thamani ya mtu wa namna hiyo.

Si kila mtoto wetu atakuwa profesa, na hatupendi mtoto kwa sababu ya kile atakacholeta. Tunachotaka mshike ni hili: hakuacha kuwa yeye. Alifundishwa kusema, kusalimu, kungoja zamu, lakini jicho lile la picha hakuna aliyelitoa. Ndilo lililomlisha.

Masomo bila fimbo

Toka Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali haina malipo, na mtoto huyu anahusika naye. Tunajua madarasa yamejaa, mwalimu mmoja na watoto wengi kupita kiasi. Hata hivyo kuna mambo yasiyodai pesa. Nenda kwa mwalimu kabla ya mwaka kuanza, umweleze mtoto wako kwa utulivu. Omba akae mbele, mbali na dirisha. Yule ambaye herufi zinamshinda aulizwe kwa mdomo, maana huenda anajua jibu lote. Yule asiyetulia apewe kazi ya kufuta ubao na kugawa madaftari, miguu yake ipate njia. Na fimbo haijawahi kunyoosha herufi iliyogeuka. Kama mwalimu hasikii, nendeni wamama watatu pamoja kwa direkta. Mama mmoja anaonekana msumbufu, watatu ni kikao.

Hata sisi wakubwa

Utofauti huu haufi mtoto akikua. Wasichana hasa wanajifunza mapema kuigiza: wanacheka wenzao wakicheka, wanalazimisha macho, wanavumilia kelele za sikukuu mpaka wanarudi nyumbani wamechoka kama waliolima shamba. Wengine wanafika umri wa bibi bila kujua kwa nini wamejisikia wageni maisha yote.

Katika vikundi vyetu kuna mama ambaye hasalimii vizuri, anasema ukweli bila sukari, hapendi kukumbatiwa, lakini hesabu ya likelemba iko kichwani mwake tangu mwaka wa kwanza, na hakuna franka iliyowahi kumpotea. Tumwache aketi pembeni ya kikao, karibu na mlango, kama anavyopenda. Tusimlazimishe kucheza ngoma kusudi tuamini kwamba ametupenda. Kushika kisanduku chetu kwa uaminifu ndiyo ngoma yake.

Kuwa mtu wa namna yako si ruhusa ya kutukana wenzako au kupiga watoto. Mipaka ya heshima ni ya wote. Lakini ndani ya mipaka hiyo kuna nafasi, na mtu asiyelazimishwa kuvaa sura ya mwingine anabaki na nguvu za kufanya kazi yake.

Kazi ya vikundi juma hili

Mkono mmoja haulei mwana, na mtoto huyu anataka mikono mingi zaidi. Wako baba wanaobaki na kubeba mzigo, tunawashukuru. Wako wanaoondoka wakisema "kwetu hatuzai hivi". Mama aliyeachwa hivyo hahitaji huruma ya maneno. Anahitaji saa mbili za kulala. Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu.

La kwanza, tafuteni katika avenyu yenu nyumba ambamo mtoto anafichwa. Nendeni kama wageni wa kawaida, na sabuni au maharagi mkononi, bila maswali ya upelelezi.

La pili, wekeni zamu. Mama wawili kila juma wajifunze kukaa na mtoto huyo, kwanza mama yake akiwepo, kisha peke yao. Mama yake aende sokoni, hospitali, au alale tu.

La tatu, mleteni mtoto kwenye kikao. Akipiga kelele, kikao hakitakufa. Watoto wetu wengine wakimwona pale kila juma wataacha kumwogopa, na mtu wa kwanza atakayemwita mchawi atasikia watoto wenyewe wakimjibu: huyu ni mwenzetu, tunamjua jina.